Sikio Linalotoka Usaha: Likaushe Kwanza, Ndipo Utie Dawa

"Ataacha akikua." Wazazi wengi huambiwa hivyo, wiki zikapita, hata miezi, mpaka mwalimu aseme mtoto hasikii darasani. Usaha wa sikio si dalili ya meno wala si hatua ya ukuaji. Mafua huvimbisha na kuziba mrija unaotoka nyuma ya pua hadi sikio la kati. Majimaji yanakwama, vijidudu vinazaliana, na shinikizo linapasua ngoma ya sikio. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala, ndiyo maana yeye huugua zaidi ya mtu mzima. Ngoma ikipasuka maumivu hupungua ghafla, na hapo ndipo watu hudhani amepona.

Hesabu siku tangu usaha uanze. Zikiwa chini ya 14, mara nyingi mhudumu wa afya ataandika amoksilini ya kunywa, na dozi hiyo imalizwe hata kama homa imeshuka. Zikifika 14 au zaidi, ugonjwa umekuwa sugu: dawa ya kunywa pekee haisaidii sana, na kinachotegemewa ni matone kama ya siprofloksasini kwa wiki 2, pamoja na kulikausha sikio. Kukausha ndiko kunakopuuzwa. Tone likiangukia usaha linaelea juu yake, halifiki penye ugonjwa, kisha dawa inalaumiwa.

Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kitambaa laini cha pamba kinachofyonza (kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa, kikachemshwa na kukauka kinafaa sana) au tishu imara. Sokota ncha yake iwe nyembamba kama utambi wa koroboi. Mpakate mtoto, mwenzako amshike kichwa. Vuta sikio nyuma na chini kwa mtoto wa chini ya miaka 3, nyuma na juu kwa mkubwa, ili tundu linyooke. Ingiza utambi taratibu, uache ulowe, utoe, utupe, uweke mwingine. Endelea mpaka utambi utoke mkavu. Usaha ukiwa mwingi, hata tambi 5 au 6 hazitoshi. Fanya hivyo angalau mara 3 kwa siku. Usitumie njiti wala vijiti vya pamba, kwa sababu husukuma uchafu ndani na vinaweza kuumiza ngoma. Tishu nyepesi nayo hukatikia humo humo.

Sasa weka matone. Shika chupa kiganjani dakika 1 au 2 ipate joto, maana dawa baridi huleta kizunguzungu. Mtoto alale upande, sikio bovu likiwa juu. Dondosha idadi uliyoandikiwa, bonyeza mara kadhaa kile kinundu kilicho mbele ya tundu ili dawa ishuke, kisha abaki hivyo dakika 3 hadi 5. Matone ya jentamisini usijinunulie dukani: ngoma ikiwa imetoboka yanaweza kudhuru usikivu.

Mafuta ya moto, maji ya kitunguu, maziwa ya mama, mkojo: visiingie sikioni kabisa. Pamba nayo usiiache humo mchana kutwa, kwani inafungia usaha. Wakati wa kuoga tu, ziba kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, uitoe mara baada ya hapo. Asiogelee baharini wala mtoni.

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akivimba na kuuma nyuma ya sikio, sikio likisukumwa mbele, uso ukipinda, shingo ikikakamaa, akidegedeka au akitapika mfululizo. Usaha wenye harufu kali usiokoma unahitaji daktari wa masikio, pua na koo.

Rudi kliniki siku ya 5 waangalie maendeleo. Sikio likishakauka, omba apimwe usikivu, kwa sababu tundu la ngoma linaweza kubaki bila usaha wala maumivu, na mtoto akaendelea kusikia nusu nusu.