Kulifanya bawa listoli nyumbani: feni, mizani ya jikoni na nyuzi za sufi

Jamaa wengi wakitizama mbio za magari za Fomula 1 hapa maskani wadhani lile bawa la nyuma lainyanyua gari, kumbe ni bawa la ndege limegeuzwa juu chini, laikandamiza gari ili tairi zishike lami kwenye kona. Bei yake ni dragi, hewa inakuvuta nyuma, na spidi ikizidi mara mbili dragi yazidi mara nne. Sasa kwenye stretchi ndefu bawa ni mzigo tu, ndo wakatafuta njia ya kulizima, yaani kulifanya listoli: hewa iliachie bawa, mkandamizo ufe.

Tafuta feni ya meza, mizani ya dijitali ya gramu, chupa ya maji, waya mgumu, selotepu, nyuzi za sufi na kifuniko cha plastiki cha ndoo ya aiskrimu. Mie nilianza na karatasi ya manila, unyevu wa Mombasa ukailegeza kabla ya saa kumi. Funga madirisha pia, kusi ikiingia mizani haitulii.

Kata bawa sentimita 25 kwa 10, likunje kidogo, tumbo (upande uliobinuka) liangalie CHINI. Lishike kwa waya juu ya chupa, chupa juu ya mizani, na mizani ikinge na kadibodi isipigwe na upepo wenyewe, hapa ndo wengi hukosea. Bandika vipande vya nyuzi chini ya tumbo, si juu, juu hutaona kitu. Rudisha mizani sifuri, washa feni, uanze kulisimamisha bawa kidogo kidogo, ukingo wa nyuma ukipanda juu. Gramu zapanda, zapanda, halafu nyuzi za nyuma zaanza kutetema na kugeuka, na gramu zashuka. Hapo limestoli, hewa imeliachia tumbo. Mabaharia wanaijua hii, ukivuta demani (kamba ya tanga) mno tanga lastoli na chombo chapungua mwendo.

Mwaka 2010 timu ya McLaren waliifanya makusudi kwa mtambo ulioitwa efu-dakti: dereva aliziba tundu kwa mguu, hewa ikapitia ndani ya gari hadi kwenye upenyo wa bawa la nyuma, likastoli. Dragi ilishuka kwa sababu bawa lile limesimama sana na dragi yake nyingi yatokana na ule mkandamizo wenyewe, ukifa huu na ile yapungua. Kwenye kibawa chako usitarajie hivo, ni kidogo na feni haina nguvu.

Efu-dakti ikapigwa marufuku, 2011 ikaja DRS, dereva abonyeza kitufe na kibawa cha juu cha bawa la nyuma chalala kupunguza dragi, na hii yawezekana nyumbani. Ongeza kibawa cha pili nyuma ya cha kwanza, acha nafasi ya milimita 5, kisimamishe. Toa mizani, weka chupa yenye maji kidogo, na bawa lake, kwenye kipande cha mbao juu ya penseli mbili za mviringo, ifunge kwa lastiki upande wa feni, pima lastiki imevutika kiasi gani. Halafu kilaze kile kibawa cha pili, pima tena, lastiki yarudi.

Jambo moja zaidi: likishastoli, kurudisha pembe palepale lilipostolia mara nyingi haitoshi, shusha zaidi ndo nyuzi zilale tena. Na bawa lisipofunga kwa wakati ni hatari, Monza, Italia, 2018 mazoezini DRS ya dereva Marcus Ericsson ilibaki wazi akikanyaga breki, gari ikabiringika mara kadhaa, yeye akatoka mzima.