Somo: Umetumwa umisionari nje ya nchi, ukifika unaanzia wapi?

Shalom wapendwa. Somo hili ni kwa wale ambao kanisa limeshawawekea mikono, safari iko karibu na kichwa kinawaka moto. Mambo ya wito siyagusi, hayo mlishamalizana na Mungu na wazee wenu, hapa naongelea kufika na kukaa. Na niseme mapema nisije nikaonekana nazunguka: miezi sita ya kwanza kazi yako sio kuhubiri, ni kujifunza na kujulikana. Najua wapo watakaonuna ila someni kwanza.

HATUA YA 1. Karatasi
Angalia pasi yako ya kusafiria, nchi nyingi zinataka iwe na uhai wa angalau miezi 6. Vyeti vya ndoa, kuzaliwa, shule na cha kuwekwa wakfu vithibitishwe ungali nyumbani, kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961 muhuri unaotakiwa unaitwa apostile, kwingine utapita wizarani na ubalozini. Chanjo ya homa ya manjano cheti chake kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usikimbilie sindano jumatatu ndege iko alhamisi. Ukishachanjwa kinatosha maisha yako yote, ulimwengu mzima umekubaliana hivo tangu 2016.

Alafu visa. Kuingia kwa visa ya utalii huku unajua unaenda kufanya huduma, huo ni uongo, hata tukiupaka mafuta ya upako. Nchi nyingi zina kibali chake cha watumishi wa dini. Marekani kwa mfano wana R-1, mara ya kwanza wanakupa mpaka miezi 30 na jumla haivuki miaka 5, na lazima uwe umekuwa mshirika wa dhehebu husika angalau miaka 2 kabla ya maombi. Uliza mapema, vibali vinachelewa.

HATUA YA 2. Pesa na makubaliano
Nani analipa kodi ya nyumba, bima ya afya, ada ya watoto, tiketi ya dharura ukifiwa nyumbani? Iandikwe. "Mungu atafungua njia" ni imani nzuri ila haiwi jibu la mweka hazina. Paulo alishona mahema Korintho, na Wafilipi walimtumia mahitaji, yaani njia zote mbili zipo kwenye maandiko, chagueni moja au mchanganye lakini ijulikane. Na weka akiba ya kukurudisha wewe na familia yako, pesa hiyo usiiguse hata kwa jambo la kiroho.

HATUA YA 3. Siku za mwanzo
Ripoti uhamiaji au serikali ya mtaa kama sheria inataka, pata laini ya simu, jua hospitali ilipo na usafiri wa usiku unapatikanaje. Jiandikishe ubalozi wa nchi yako kama upo. Basi, lala. Uchovu wa safari unafanya mtu anaamua mambo ya kijinga.

HATUA YA 4. Lugha, na hapa nakaa kidogo
Soma Matendo 14. Paulo na Barnaba wako Listra, kiwete ameponywa, watu wanapiga kelele kwa Kilikaonia, lugha ya kwao, kwamba miungu imeshuka, Barnaba wanamwita Zeu na Paulo Herme, na mitume hawastuki mpaka ng'ombe na mashada ya maua yameshaletwa ili watolewe sadaka. Muujiza ulikuwa wa kweli kabisa ila waliouona walielewa kitu kingine. Sasa wewe unayehubiri kwa mkalimani toka jumapili ya kwanza, unajuaje kinachosikika upande wa pili?

Mmisionari Mjerumani Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alifiwa na mke na mtoto mchanga ndani ya miezi michache, na bado mwaka huohuo alikuwa kwenye Kiswahili, ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Sio kwamba hakuwa na huzuni, aliona tu kwamba bila lugha hana kazi.

Namna ya kufanya: asubuhi pata sentensi tatu kutoka kwa mwalimu, ziwe za maisha, "natafuta hii", "sijaelewa, rudia", "jana nilienda". Mchana toka nazo uzitumie kwa watu kumi tofauti, mlinzi, fundi, mama jirani. Watacheka, na wewe cheka. Jioni andika walivyokusahihisha, kesho ongeza tatu. Watoto ndo walimu wazuri kuliko wote, hawana adabu ya kukuficha kosa.

HATUA YA 5. Kanisa mwenyeji
Jumapili ya kwanza watakukalisha mbele, kiti kikubwa, alafu ghafla maiki iko mkononi. Toa salamu mbili kwa lugha yao hata kama unasoma kwenye karatasi, shukuru, mrudishie mchungaji maiki, kaa. Usielezee maono. Mchungaji wa pale amezika watu na kufungisha ndoa kabla hujafika, yuko na mambo ya kukufundisha. Usianzishe kikundi chako, usihamishe washirika wake, na usiwe mfuko wa kila mwenye shida, msaada upite kwa wazee wanaowajua watu wao.

MASWALI YENU

Swali: Mtumishi, wanaonituma wanataka ripoti ya waliookoka kila mwezi. Nikikaa miezi sita najifunza lugha si watakata msaada?
Jibu: Ongea nao kabla hujaondoka, sio ukishabanwa. Wape mfano wa mmisionari Mmarekani Adoniram Judson, alifika Burma (siku hizi Myanmar) 1813 na mwongofu wa kwanza akabatizwa 1819. Kwenye ripoti andika ulichojifunza, nani umemtembelea, nini kimegoma. Kanisa linalotaka namba tu litakufundisha kutunga namba.

Swali: Shalom mwalimu. Mume wangu ndo ameitwa, mimi nitakuwa nyumbani na watoto wawili. Nina hofu nitakuwa mpweke.
Jibu: Dada yangu, hofu yako ina msingi na wengi wanaorudi mapema shida inaanzia hapo. Baba anapata ofisi na marafiki, mama anapata kuta nne. Saa za kujifunza lugha mgawane sawa, yeye akae na watoto wewe utoke. Na mwambie mchungaji wenu akutumie barua ya utume yenye jina lako pia.

Swali: Kaka, nina miezi minne huku, mwanzo nilipenda kila kitu, sasa kila kitu kinanikera, hata wanavyosalimiana. Je nimekosea wito?
Jibu: Hapana. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alishaelezea hali hii miaka ya 1950, furaha kwanza, kisha hasira, kisha mtu anazoea. Upo pale katikati. Usifanye uamuzi mkubwa sasa hivi, lala vizuri, tafuta mtu mmoja wa kuongea naye lugha yako. Ila kama hulali kabisa au unawaza kujidhuru, hiyo sio ya kuvumilia wala kuombewa tu, muone daktari leo na wajulishe waliokutuma.

Swali: Nibebe keyboard na mixer ya kanisa?
Jibu: Acha kwanza. Umeme wenyewe haufanani, kuna nchi zina volti 120 na zingine 230, unaweza kuunguza kitu siku ya kwanza. Gitaa beba.