Kumtoa mbwa mabuu ya inzi

Mbwa wa Malindi anayelala kwenye mchanga wenye mkojo chini ya mwembe hapatwi na mabuu kwa bahati mbaya: inzi hutaga mayai hapo hapo, na mabuu yakianguliwa huingia kwenye ngozi yake. Kagua tumbo, korodani, mkia na nyayo. Utaona kijipu chenye kitundu, na ndani yake ncha nyeupe inayochezacheza. Buu linapumulia hapo.

Punguza manyoya, pakaa vaselini nene juu ya kitundu ili buu likose hewa, subiri dakika 15 hadi 30. Likitokeza, bana ngozi pande mbili ukisukuma kutoka chini. Usilivute kwa nguvu: likipasukia ndani, kidonda hutunga usaha, umuone daktari wa mifugo. Safisha kwa maji ya chumvi. Mafuta ya taa? Usithubutu, yanaunguza na mbwa huyalamba. Matandiko chemsha, kisha piga pasi.