Akriliki chini, mafuta juu
Ukitaka kutumia rangi za akriliki (zile zinazozimuliwa kwa maji) na za mafuta kwenye picha moja, anza na akriliki. Usigeuze. Akriliki hukauka maji yakishatoka, na tabaka jembamba halimalizi hata nusu saa. Rangi ya mafuta haikauki hivyo: inavuta oksijeni hewani na kuganda polepole, siku kadhaa hata wiki. Ukiweka akriliki juu yake haishiki vizuri, na baadaye hubanduka kama ganda la kitunguu.

Mimi huchora zaidi sura za watu, na kanvasi nyeupe, yaani kitambaa cha kuchorea, hunisumbua macho. Kila rangi huonekana nzito kuliko ilivyo. Kwa hiyo huipaka kwanza akriliki ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji, nyembamba kiasi cha kuona nyuzi za kitambaa. Isiwe ya kung'aa, maana mafuta yanahitaji pa kung'ang'ania. Ikikauka kabisa ndipo naingia na mafuta, vivuli kwanza.

Halafu, akriliki ikikauka hukolea kidogo kuliko ilivyokuwa kwenye paleti, ule ubao wa kuchanganyia rangi, basi ichanganye iwe hafifu kidogo. Na brashi ioshe palepale. Ikigandiwa, imebaki ya kupakia gundi.