Gia ikichelewa kushika, anza na oili

Kabla hujakubali giaboksi ya otomatiki ya pikapu yako ya zamani ishushwe, pima oili yake kwanza. Endesha hadi ipate moto, simama mahali tambarare, kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu, rudi P, kisha chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi injini ikiwa inawaka (nyingi hupimwa hivyo, chache hutaka N, kitabu cha gari kitakuambia). Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu angavu, sawa. Kahawia yenye harufu ya kuungua, klachi za ndani zinaisha. Ikiwa ya waridi iliyochafuka kama maziwa, usiendeshe tena: maji ya rejeta yameingia.

Oili ikipungua, pampu huvuta hewa, ndiyo maana mlimani injini inapiga kelele na gari halipandi. Ongeza kidogo kidogo, halafu tafuta inakovujia, kwa sababu oili hii haiungui ikapungua kama ya injini.

Rangi ikiwa nzuri, kagua kebo inayotoka kwenye aksileta hadi giaboksi, kama gari lako linayo. Ikilegea, gia huingia mapema na kuteleza. Ikikazwa mno, huchelewa. Inaniuma kuona giaboksi nzima inafunguliwa kwa sababu ya kebo iliyolegea.