Daftari la ndege wa msimu la klabu: hatua kwa hatua, pamoja na tarehe zilizoninyima usingizi

Mwenzetu mmoja amekubali kupokea kazi ya kutunza kumbukumbu za klabu yetu ya kutazama ndege. Tulipokaa kukabidhiana, swali lake la kwanza lilikuwa jepesi: mbayuwayu wanafika lini? Nilifungua daftari nikamjibu kabla hajavuta kiti. Miaka minne nyuma nisingeweza, ingawa tulikuwa na madaftari matatu yaliyojaa pomoni. Haya ndiyo niliyomwonyesha, nimeyaandika kwa yeyote anayeanza kazi hiyo.

Hatua ya 1: Vifaa

Darubini ya 8x42, daftari dogo, penseli. Basi. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Wapo watakaokushauri uchukue ya 10x ili uone karibu zaidi. Usiwasikilize. Mtikisiko wa mkono nao unakuzwa, na sehemu ya anga unayoiona inapungua, kwa hiyo ndege anayekata kona kwa kasi unampoteza mara tu unapompata. Penseli ni kwa sababu ya mvua: wino wa kalamu nyingi huchuruzika ukilowa. Simu iache mfukoni mpaka urudi nyumbani.

Hatua ya 2: Njia moja, siku zilizopangwa

Chagueni njia mnayoweza kuitembea kwa saa mbili hivi, na mwitembee hiyo hiyo kila mara. Wanachama watalalamika kwamba inachosha. Waache walalamike. Hesabu ya ndege ya Krismasi huko Marekani, iliyoanzishwa na Frank Chapman mwaka 1900, imedumu mpaka leo, na kila kikundi kinarudi kwenye duara lake lile lile lenye kipenyo cha kilomita 24, kati ya tarehe 14 Desemba na 5 Januari. Mkibadilisha mahali kila safari, hamtajua kama ni msimu uliobadilika au ni nyinyi mliohama.

Ziara za kumfukuzia ndege adimu ziendelee, zina raha yake, ila ziwe na ukurasa wake mbali.

Hatua ya 3: Kuhesabu

Ndege kumi, hesabu mmoja mmoja. Kundi la mia kadhaa, hesabu kumi, angalia wanachukua nafasi kiasi gani, kisha pima nafasi hiyo inaingia mara ngapi kwenye kundi zima. Watu wengi hukadiria chini kundi likiwa kubwa, na katikati ya kundi huwa wamebanana kuliko pembeni, kwa hiyo chukua kipimo chako mahali penye msongamano wa wastani. Mtu mmoja ahesabu, mwingine aandike. Anayeangalia daftari haangalii ndege.

Hatua ya 4: Kukubaliana majina

Kabla ya safari ya kwanza, kaeni muorodheshe ndege ishirini au thelathini mnaowatarajia na mkubaliane kila mmoja mtamwitaje, na pembeni mwandike jina la kisayansi. Mwewe wa mtu mmoja ni kipanga wa mwenzake. Kibaya zaidi ni mbayuwayu na teleka, maana kati ya wote wawili wapo wageni wa msimu, na wote hula wadudu angani. Mbayuwayu utamwona ametua kwenye waya. Teleka hatui kwenye waya kabisa, miguu yake ni mifupi, ya kung'ang'ania ukuta au jabali tu, na mabawa yake ni marefu yaliyopinda kama mundu. Ukiwa huna uhakika, andika "mbayuwayu au teleka". Ni andiko halali kabisa.

Na chekeamwezi, wale ndege wa kandokando ya maji, wanaokuja baada ya kuzaana, wakiwa wamevua manyoya ya rangi na kuvaa ya kijivu, usiwabainishe kwa rangi. Angalia urefu wa mdomo, miguu, na jinsi anavyokula.

Hatua ya 5: Tarehe na saa

Hapa nitakuchosha kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza usiku tatu.

Baada ya msimu wetu wa tatu nilikaa kuingiza madaftari yote kwenye lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta, ili nichore mchoro wa kuwasili kwa mbayuwayu. Niliandika kama tulivyozoea: 4/10, 5/10, 14/10, kila moja na mwaka wake. Mchoro ukatoka na mbayuwayu wa Aprili, Mei, hata Julai. Wa Aprili walinidanganya vizuri, kwa sababu kwetu sisi tulio upande wa kusini wa safari yao, Aprili bado unaweza kuwaona wanaochelewa kuondoka. Wa Julai ndio walionishtua. Julai mbayuwayu hawa wanalea makinda huko Ulaya na Asia.

Programu ilikuwa imepangwa kusoma mwezi kwanza. Kwa hiyo 4 Oktoba iligeuka kuwa 10 Aprili, na 7 Oktoba ikawa 10 Julai. Tarehe 14 Oktoba haikugeuka, kwa kuwa hakuna mwezi wa 14, lakini haikuhesabiwa kama tarehe pia: ilibaki maandishi matupu, na mchoro ukairuka bila kusema neno. Nusu ya kwanza ya mwezi ikawa uongo, nusu ya pili ikapotea.

Dalili za kuangalia ni hizi. Panga safu ya tarehe kwa mfuatano. Ukiona hakuna hata ndege mmoja aliyeonekana baada ya tarehe 12 ya mwezi wowote, umekwisha. Dalili nyingine: kama hukugusa mpangilio wa safu, tarehe zilizokubaliwa hujipanga kulia mwa kisanduku na zilizobaki maandishi hukaa kushoto. Ukiona safu moja inayumba kulia na kushoto kama mlevi, simama hapo hapo.

Usifanye nilichofanya mimi, yaani kwenda kwenye mipangilio, kubadilisha nchi, na kushangilia. Tarehe zilizokwisha kugeuzwa hazirudi. 10 Aprili inabaki 10 Aprili, sasa inaandikwa tu kwa mtindo unaoupenda, na ile sura ya kawaida inakufanya uamini kuwa mambo yamenyooka. Nilirudi kwenye madaftari ya karatasi, mstari kwa mstari. Ndiyo maana karatasi hazitupwi, hata kama kila kitu kimeingia kwenye kompyuta.

Ninavyofanya sasa: kwenye daftari mwezi unaandikwa kwa neno, "4 Oktoba". Kwenye lahajedwali nina safu tatu, siku, mwezi, mwaka, kila moja namba tupu isiyoweza kugeuzwa. Wengine wanapendelea kuanza na mwaka, kama 2024-10-04. Nayo ni nzuri, mradi klabu nzima iandike hivyo bila kuchanganya. Yangu haihitaji nidhamu ya mtu yeyote.

Sasa saa. Tunasema saa moja asubuhi, kompyuta inataka 7:00. Mwanachama mmoja aliingiza "1:15" kama alivyoiandika porini, na rekodi yetu ikaonyesha keremkerem wakiwinda nyuki saa saba na robo usiku. Hiyo inachekesha, inaonekana, unaisahihisha. Inayoumiza ni "12:30". Je, ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kundi likitoka kwenye malalo, au ni mchana kweupe, saa sita na nusu, kwa hesabu ya kompyuta? Zote mbili ni saa za ndege kuonekana. Hakuna kitakachokushtua, na asubuhi ya mapema na mchana wa jua kali hazilinganishwi hata kidogo, ndege wengi wakati wa joto hutulia.

Kanuni ya klabu yetu: porini kila mtu aandike saa ya Kiswahili, na lazima aongeze neno asubuhi, mchana au jioni. Kubadilisha anabadilisha mtunza daftari peke yake. Anaongeza sita: saa 2 asubuhi ni 8:00, saa 11 jioni ni 17:00. Isipokuwa saa 11 na saa 12 za asubuhi, hizo anatoa sita, 5:00 na 6:00. Mwenzangu niliyemkabidhi alisahau hilo jaribio la kwanza, tukapata kundi la korongo lililoamka saa 18:00.

Hatua ya 6: Andika siku ambayo hukuona kitu

Wengi huliruka hili. Ukiandika "28 Septemba, mbayuwayu 3", umesema lini uliwaona, hujasema walifika lini. Labda wiki mbili kabla ya hapo hamkutoka kabisa. Lakini ukiwa na "21 Septemba, mbayuwayu 0, saa mbili za kutembea, watu wanne", sasa unajua walifika kati ya siku hizo mbili, na unajua mlitafuta kwa bidii kiasi gani. Hivyo kila safari iandikwe: muda wa kuanza na kumaliza, umbali, idadi ya watu, na sifuri kwa kila ndege wa orodha ya Hatua ya 4 ambaye hakuonekana.

Hatua ya 7: Kuingiza eBird

eBird, hifadhi ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege iliyoanza mwaka 2002 chini ya Cornell Lab of Ornithology, itakuuliza kama umeorodhesha ndege wote ulioweza kuwatambua. Jibu ndiyo pale tu ambapo hamkuacha kunguru na shomoro kwa kuwadharau. Alama ya X, inayomaanisha "alikuwepo, sikuhesabu", itumie ukiwa umebanwa kabisa. Makadirio ya uaminifu ni bora kuliko X. Ndege ambaye programu ya simu ilidai kumsikia lakini hakuna mwanachama aliyemthibitisha kwa sikio au jicho, mimi simwingizi. Na mahali pa kiota usipaandike hadharani.

Ndege wa mwisho kuondoka ni mgumu kuliko wa kwanza kufika, kwa sababu hakuna anayeshangilia asiyekuwepo. Endeleeni kuipita njia mara tatu baada ya kudhani wameisha. Mwaka jana tulishawafungia hesabu, safari ya pili baadaye tukamkuta mmoja juu ya waya, na ikabidi nifute tarehe niliyokuwa nimeiandika kwa wino.