Kutoa injini ya Toyota 4E na kufunga 1NZ kwenye gari jepesi la kuunda

Gari ninaloliongelea hapa tuliliunda wenyewe Isevya, Tabora, kwa mabomba ya skwea. Lina siti mbili, na injini inakaa nyuma ya siti. Habu, breki na injini vilitoka kwenye Toyota Starlet iliyogongwa. Wazo si letu. Mwaka 1957 Colin Chapman wa kampuni ya magari ya Lotus alianza kuuza gari liitwalo Seven kule Uingereza, na mnunuzi aliweza kuletewa vipande akavifunga mwenyewe nyumbani. Gari lile lilikuwa na sifa moja kubwa: lilikuwa jepesi.

La kwetu tulilipima kwenye mizani ya ghala la mazao, tairi moja moja, zile tatu nyingine tukiwa tumeziinua kwa mbao za unene uleule wa mizani ili gari lisilalie upande. Likatoka kilo 640 bila dereva. Lilitembea miaka mitatu na injini ile ya Starlet, 4E ya cc 1,331, kisha mwenye gari akaomba nguvu zaidi. Hizi ndizo hatua tulizopita, pamoja na ile tuliyokosea.

Hatua ya 1: Chagua injini kwa mizani

Vijana wakifika gereji swali lao la kwanza ni: fundi, kwa nini usiweke injini ya 3S ya Toyota Altezza, ile ya nguvu za farasi 210? Kwanza, injini ile imekaa kwa urefu wa gari, giaboksi nyuma yake, wakati nafasi yetu ni ya injini iliyolala kwa upana. Pili, bloku yake ni ya chuma. Ukiongeza uzito nyuma ya gari la kilo 640, pua inakuwa nyepesi, usukani unapoteza mshiko, na breki za Starlet zinabeba mzigo ambao hazikutengenezewa. Utakuwa umenunua mbio na kuuza gari lenyewe.

Tukachagua 1NZ-FE. Ina cc 1,497, vali 16, taimingi ya cheni, na bloku ya aluminiamu, tofauti na 4E ambayo bloku yake ni ya chuma. Kwa hiyo nguvu inapanda bila uzito kupanda. Kitabu kinaipa farasi 109. Hapa kwetu usizihesabu zote: Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza kiasi cha asilimia 12. Zinabaki farasi 95 hivi. Probox, ambayo ndiyo tuliichukulia injini, ina zaidi ya kilo 1,000 na bado inapanda milima imejaa watu na magunia. Weka injini hiyohiyo kwenye kilo 640 uone.

Mtu akikwambia injini ya Toyota ni ya teksi, mkumbushe kwamba Lotus wenyewe walifunga 1ZZ na 2ZZ za Toyota kwenye Elise, nyuma ya siti kama sisi.

Hatua ya 2: Tafuta ya gia za mkono, nunua kila kitu pamoja

1NZ zimejaa mjini: IST, Raum, Spacio. Nyingi ni za otomatiki. Tafuta ya Probox au Succeed ya gia za mkono, kwa sababu giaboksi ya 4E haikutani na uso wa 1NZ. Nunua injini, giaboksi, flaiwili, klachi, draivu shafti zote mbili, wayaringi yote bila kukatwa, kontroli boksi (kompyuta ya injini), pampu ya mafuta ya ndani ya tangi, rejeta na feni yake. Kama injini ni ya throto ya umeme, chukua na pedali yake ya mafuta. Kama gari lilikuwa na ufunguo wa chipu, chukua ufunguo na kile kiboksi chake. Muuzaji atakwambia vitu hivyo vinapatikana popote. Usimsikilize. Kipande kimoja kikikosekana, gari litakaa juu ya stendi mwezi mzima ukisubiri mzigo kutoka Dar.

Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha oili uangalie ndani kwa tochi. Ukiona tope jeusi limeganda kwenye kuta, ondoka. Cheni na VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa vali kufunguka) vinategemea oili safi. Kisha toa plagi zote, unga betri kwenye stata injini ikiwa chini, na upime kompresheni. Kitabu kinasema kilo 15 kwa sentimita ya mraba kwa injini mpya, 11 ndiyo mwisho, na silinda zisipishane zaidi ya 1. Kumbuka tena hewa ya Tabora: injini ambayo Dar ingesoma 15, hapa itasoma 13 na kidogo, na hiyo ni nzima. Mimi naangalia zaidi usawa. Ya kwetu ilisoma 12.8, 13, 12.9, 13. Nikalipa.

Hatua ya 3: Shusha ya zamani

Cheni bloku ifungwe kwenye stendi ya chuma. Najua miembe ya Tabora inavyovutia kwa kivuli chake, lakini tawi la mwembe linaoza kwa ndani huku gome likionekana zima. Toa betri, mwaga maji na oili, punguza presha ya petroli kabla ya kufungua mpira wowote. Kabla hujalegeza maunti (vishikio vya injini vyenye raba), pima urefu kutoka katikati ya habu hadi kwenye tundu la giaboksi, pande zote mbili, na uandike kwa chaki kwenye chesisi.

Hatua ya 4: Maunti na shafti

Injini ikae ikiangalia upande uleule ilivyokaa kwenye Probox, ila imesogezwa nyuma. Ukiigeuza mbele nyuma, utakuwa na gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

Anza na shafti, maunti yatafuata. Ining'inize injini kwa cheni bloku, gari likiwa kwenye kimo chake cha kutembea na matofali mawili ya mchanga kwenye siti, kisha isogeze mpaka matundu ya giaboksi yalingane na katikati ya habu, kwa juu na kwa mbele. Jointi zinazofanya kazi zikiwa zimepinda sana huchemsha grisi na kufa mapema. Sisi hatukuzidisha nyuzi 5. Na sampu (bakuli la oili chini ya injini) isiwe kitu cha chini kabisa kwenye gari. Kwetu iko sentimita 2 juu ya bomba la chini la chesisi, na bado tumeikinga kwa bamba.

Jointi za ndani tulitumia za Probox, za nje za Starlet ili zikubali habu zetu. Fito ya katikati tukachongesha mpya kwa fundi wa lathe, ikapigwa moto na kupozwa ili iwe ngumu. Tafadhali usikate shafti mbili ukaziunga kwa kuchomelea. Nimeiona iliyofanywa hivyo ikikatika na kipande kikizunguka kama rungu, sentimita chache kutoka kwenye tangi la petroli.

Maunti mawili yanabeba uzito, upande wa cheni na upande wa giaboksi. La tatu linazuia injini isijipinde unapoachia klachi. Tumia raba zilezile za Probox. Shika kwa nukta za kuchomelea kwanza, pandisha shafti, zungusha tairi kwa mkono, pindisha na kunyanyua, hakikisha jointi haifiki mwisho wake wa kuingia wala kutoka. Ndipo uchomelee moja kwa moja, baada ya kutoa betri na kontroli boksi kabisa kwenye gari.

Hatua ya 5: Maji

Hapa ndipo tulipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Rejeta iko puani, injini iko nyuma. Maji yanasafiri karibu mita tatu kwenda na mita tatu kurudi. Sisi tulijaza maji kupitia kifuniko cha rejeta mbele, kama ilivyozoeleka. Gari likawaka vizuri. Tukatoka kulijaribu barabara ya Nzega. Sindano ya temperecha ilikuwa chini ya nusu, nikafurahi. Baada ya dakika kama kumi nikasikia harufu tamu ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta), nikazima. Kijana ninayefanya naye kazi akapitisha mkono chini ya gari akasema, "Fundi, bomba la kwenda mbele linaunguza. La kurudi la baridi kabisa." Sindano bado ilikuwa chini ya nusu. Tukarudi tunavutwa kwa kamba, na gasketi ya hedi (kichwa cha injini) ilikuwa imeungua.

Sababu yake ni hii. Kifuniko cha rejeta kilikuwa chini kuliko hedi ya injini. Hewa hupanda juu, kwa hiyo ilibaki kwenye hedi. Sensa ya temperecha ikawa imekaa ndani ya hewa badala ya maji, ikasoma uongo, huku aluminiamu ya hedi ikichemka. Pampu nayo ikishika hewa haisukumi.

Dawa yake tuliipata kwa vitu vitatu. Tulifunga tangi dogo la maji nyuma ya siti, likiwa juu kuliko kila kitu, na kifuniko cha presha kikahamia hapo. Tukavuta mpira mwembamba kutoka kilele cha rejeta na mwingine kutoka kilele cha injini, yote ikipanda kwenda kwenye tangi bila kushuka mahali popote, kwa sababu mshuko mdogo tu unatosha kuficha hewa. Na mabomba ya kwenda na kurudi yakawa ya aluminiamu, yenye upana wa ndani sawa na hosi za injini, ncha zake zikiwa zimetunishwa ili hosi isichomoke. Bomba la chuma la majumbani lina kutu na kona kali. Liache kwa ajili ya bafu.

Ukijaza, jaza polepole kupitia tangi la juu, ukiminya hosi kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Washa, kifuniko kikiwa wazi, subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Kisha fanya alichofanya kijana wangu: shika mabomba yote mawili, kwa uangalifu. La kurudi lazima nalo lipate moto. Mkono wako ndio shahidi wa sindano.

Na themostati usiitoe! Najua mafundi wengi wa huku wanaitoa wakiamini joto litapungua. Kwenye 1NZ iko upande wa maji yanayoingia kwenye injini, na ina vali ya pili inayofunga njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, na siku ya jua kali gari linachemsha. Inafunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto uione ikifunguka, kisha irudishe.

Hatua ya 6: Petroli na hewa

Tumia pampu ya Probox pamoja na regyuleta yake ndani ya tangi. Presha iwe kati ya bar 3.0 na 3.4. Mpira uwe wa injini ya nozo, ile inayonyunyiza petroli kwa presha. Ule wa kabureta utapasuka. Weka mtungi wa kuzimia moto mahali dereva anapofikia akiwa amefunga mkanda.

Filta ya hewa iwe ya boksi. Filta ya wazi inalia vizuri, lakini vumbi letu la kiangazi ni laini kama unga na linakula ringi. Mdomo wa boksi uvute hewa kutoka pembeni juu, mbali na tairi za nyuma.

Hatua ya 7: Wayaringi

Usikate kitu siku ya kwanza. Tandaza wayaringi yote sakafuni, unga kontroli boksi, na uiwashe injini hivyohivyo ikiwa na waya za ziada. Ikishawaka, ondoa moja moja: taa, redio, vioo. Waya wa spidi kutoka kwenye giaboksi ubaki, la sivyo taa ya injini haitazima na sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) itasumbua. Vuta waya nene mbili za athi, moja kutoka bloku hadi chesisi, nyingine kutoka giaboksi. Injini imekaa juu ya raba, kwa hiyo bila athi umeme wa stata utatafuta njia kupitia kebo ya gia.

Hatua ya 8: Kuwasha na kutembeza

Tia oili lita 3.7, pamoja na filta mpya. Chomoa nozo, piga stata mpaka taa ya oili izime, rudisha, washa. Kagua uvujaji chini kwa tochi kabla gari halijasogea.

Breki zikaguliwe siku hiyohiyo. Sisi tulibadilisha pedi na mipira yote, kwa sababu gari linafika kwenye kona likiwa na kasi ambayo halikuwa nayo zamani.

Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, na sasa imebadilika. Peleka mabadiliko TRA kabla ya kuingia barabarani. Ukipata ajali na namba hazilingani, bima inaweza kukukataa.

Kilomita 100 za kwanza tulizunguka karibu na gereji, Isevya, Cheyo na Ipuli, tukirudi kila mara kushika hosi na kukaza maunti. Kufika kilomita 500 tukamwaga oili, tukaikagua kwa sumaku, tukakaza nati za shafti kwa spana ya kipimo. Ndipo tukampa mwenye gari ufunguo.